Zawadi ya Krismasi inayoanza na kipimo

Kila Desemba, hata kabla ya tarehe 20, mabasi ya kwenda Moshi, Machame na Rombo huanza kujaa pale Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, Dar es Salaam. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na watani wao wanasema wanakwenda kuhesabiwa. Desemba 2019 hata treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirejea, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Kwenye buti za mabasi hayo hupakiwa mchele, sukari, mafuta ya kula, kreti za soda, blanketi la bibi na midoli ya plastiki. Vyote vina kazi yake. Lakini nashikilia kwamba zawadi inayofaa kuliko zote katika msimu huu ni ile inayotengenezwa kwa mkono, na msaada wa hoja hiyo nauona kwa mtu ambaye wengi wangemtarajia aipinge.

Mwaka 1993 mwanauchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alichapisha utafiti kuhusu zawadi za Krismasi. Aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu zawadi walizopewa ziligharimu kiasi gani, kisha wao wenyewe wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kuzipata. Alikuta kwamba baina ya sehemu ya kumi na theluthi moja ya thamani ilipotea, kwa kuwa mtoaji alinunua kitu ambacho mpokeaji asingekinunua kwa fedha yake. Upotevu ulikuwa mkubwa zaidi kwa zawadi za wajomba, mashangazi, mababu na mabibi, na mdogo zaidi kwa zile za marafiki na wapenzi. Wengi wameuchukua utafiti huo kuwa ushauri wa kutoa fedha taslimu. Mimi nauona unasema jambo jingine: thamani inapotea pale mtoaji asipomjua anayempa. Na kumtengenezea kitu mtu usiyemjua ni vigumu mno.

Chukua gauni la sikukuu la mtoto wa miaka saba. La dukani linaweza kununuliwa Kariakoo kwa kukisia. La kitenge haliwezi kukatwa kabla fundi hajapewa kifua, kiuno na urefu, kwa hiyo shangazi aliyeko Mwanza lazima apige simu Marangu, aulize mtoto amefikia wapi, na anayepokea lazima atafute futi na kumsimamisha mtoto ukutani. Fundi mzuri huacha inchi mbili au tatu za upindo ili Krismasi ijayo gauni lishushwe. Upindo huo ni ahadi ya mwaka mzima, na hakuna duka linaloiuza. Kigari cha waya nacho, chenye magurudumu yaliyokatwa kwenye soli za ndala zilizochakaa na usukani mrefu unaofika kifuani kwa mtoto, hutengenezwa kwa kufuata kimo cha huyo atakayekisukuma.

Mfano mkubwa zaidi, hata hivyo, uko jikoni kwa bibi: mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zikachujwa. Wakati huohuo ulezi umelowekwa, umeoteshwa ukawa kimea, umeanikwa, umesagwa, na sasa unapikwa uji. Uchungu wa mbege hutoka kwenye gome la mti wa msesewe. Vyote vikishachanganywa, kinywaji hunywewa mapema, maana kikikaa kinazidi ukali mpaka kinaharibika. Mtu hawezi kukinunua Oktoba akakiweka kabatini. Anayepika lazima ajue watu wangapi wanakuja na lini, na anayekuja lazima afike. Mbuzi naye, aliyefugwa ndani na kukatiwa majani kwa miezi, akichinjwa hugawanywa kwa taratibu, kila kipande na mwenyewe katika ukoo. Anayegawa asiyejua nani ni nani kwa nani ataudhi watu. Na ndugu waliokosana wakikutanishwa mwezi huo, anayeomba radhi hupeleka jani la isale, linalochumwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, bila kulipiwa hata senti.

Wapo watakaosema fedha ni bora, kwani tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, shilingi hufika kijijini kwa dakika moja na bibi hujichagulia mwenyewe. Nakubali kabisa kwa ada ya shule, dawa na mabati ya kuezekea. Lakini Waldfogel aliwataka wanafunzi wake waweke kando thamani ya moyoni walipokuwa wakikadiria bei. Kipimo kilichoiacha nje thamani hiyo hakiwezi kutumika kuthibitisha kwamba haipo.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Mbege, mtori na mikungu ya kumenya ni kazi ya bibi na wakwe zake, na mtu anayesifu vitu vya mkono akiwa ameketi kivulini anasifu mgongo wa mwanamke. Hili ni kweli, na halijibiwi kwa kurudi kwenye kreti za bia. Linajibiwa kwa kugawana kazi. Sioni mila inayopaswa kumzuia kijana aliyetoka Dar es Salaam kupasua kuni, kubeba maji, kukoroga sufuria au kusaga ulezi. Wanaume tayari wanachinja na kuchoma. Kama zawadi ni kazi, basi kazi hiyo ndiyo wanayopaswa kuileta, na bibi afundishe badala ya kufanya peke yake. Yapo mapishi ambayo sasa yanajulikana na wazee wachache katika kila kijiji, na wao hawatapika Krismasi nyingi zaidi.

Muda nao ni shida ya kweli kwa mwenye likizo ya siku tatu, na simtaki aache kununua mchele. Namwomba afanye jambo moja kati ya mengi. Apige simu sasa achukue vipimo vya mtoto mmoja, ampelekee fundi kabla foleni ya Desemba haijaanza. Na mwenye nafasi akate tiketi ya siku tano kabla ya mkesha, ili afike wakati ndizi bado hazijawekwa motoni.