Nukta au Mkato? Mpangilio wa Lugha na Usahihi wa Skripti za Kufuatilia Kichakataji: Mfano wa Kicukiro

1.0 Utangulizi

Rwanda ina lugha rasmi nne: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, ambacho kiliongezwa kwa sheria ya mwaka 2017. Katika Wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali, kilipo chuo cha ufundi kilichojulikana awali kama IPRC Kigali, fundi anaweza kukuta kompyuta moja imepangiwa Kiingereza na ya pili Kifaransa. Kwa mtu anayesoma skrini, tofauti hiyo ni ndogo. Makala hii inaeleza jinsi inavyoweza kuipotosha skripti.

2.0 Skripti inavyosoma tokeo la amri

Katika mfumo wa Linux, amri ya top huonesha asilimia ya muda ambao kichakataji kimefanya kazi na ule ambao kimekaa bila kazi. Tokeo hilo limeandaliwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Hata hivyo, baadhi ya skripti hulikata vipande kila penye mkato, huchukua kipande cha nne, yaani muda usio na kazi, kisha hukitoa katika 100 ili kupata kiwango cha matumizi.

Chukulia kompyuta iliyotulia. Kwa Kiingereza, mstari wake husomeka hivi:

3.1 us, 1.0 sy, 0.0 ni, 95.9 id

Kipande cha nne ni 95.9, matumizi ni asilimia 4.1. Kwa Kifaransa, desimali hutengwa kwa mkato:

3,1 ut, 1,0 sy, 0,0 ni, 95,9 id

Hapa mkato unatenga desimali na vilevile vipengele vya orodha. Kipande cha nne sasa ni sifuri ya mwisho katika 1,0. Hivyo skripti hutangaza matumizi ya asilimia 100. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Taasisi inaweza kusimamisha huduma, au kuomba fedha za seva isiyohitajika, kwa sababu ya alama moja ya uandishi.

3.0 Suluhisho na mapendekezo

Njia ya kwanza ni kutanguliza LC_ALL=C mbele ya amri ndani ya skripti. Amri hiyo pekee hutumia mpangilio usiofuata lugha ya nchi yoyote, na mtumiaji hubaki na lugha yake. Njia iliyo imara zaidi ni kusoma faili la /proc/stat, ambamo muda wa kichakataji huhesabiwa kwa namba nzima. Kwa kuwa hesabu hiyo hujilimbikiza tangu kompyuta ilipowashwa, sharti isomwe mara mbili, kisha ongezeko la muda usio na kazi ligawanywe kwa ongezeko la jumla.

Kwa watunga sera, kasoro haimo katika Kifaransa wala katika kuzipa kompyuta lugha za wenyeji. Imo katika kulitumia andiko la binadamu kama data ya mashine. Masharti ya ununuzi wa mifumo yadai majaribio katika lugha zote rasmi zinazotumika. Aidha, wasanifishaji wa Kiswahili waamue mapema iwapo "nne nukta moja" itaandikwa kwa nukta katika nchi zilizozoea mkato.