Silikoni kwenye losheni: inalainisha, haitibu wala haing'arishi ngozi

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikikolea Ngara na Biharamulo, ngozi hupauka na wengi hutafuta losheni "inayoteleza". Utelezi huo mara nyingi ni kazi ya silikoni.

Silikoni ni nini?
Ni kemikali ya kiwandani inayotokana na silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Geuza chupa usome orodha ya viambato. Majina yanayoishia na "cone" au "siloxane", kama Dimethicone na Cyclopentasiloxane, ndiyo yenyewe.

Inafanya nini?
Dimethicone hutandaza utando mwembamba unaozuia ngozi isipoteze maji haraka, bila kunata kama mafuta ya mgando. Ndiyo maana losheni hufanya kazi vizuri ukipaka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Cyclopentasiloxane husaidia losheni kusambaa, kisha hupotelea hewani. Kwenye nywele, silikoni hufunika unywele na chanuo likapita bila kukwama. Ikirundikana, nywele huwa nzito; zioshe kwa shampuu.

Ina madhara?
Kwa watu wengi, Dimethicone haisumbui ngozi. Umoja wa Ulaya uliibana Cyclopentasiloxane mwaka 2020, isifike asilimia 0.1 kwenye vipodozi vya kuosha na kusuuza, kwa sababu hukaa muda mrefu kwenye mazingira.

Hapa ndipo pa kuwa macho
Silikoni haitibu fangasi, haifuti makovu na haibadilishi rangi ya ngozi. Losheni ikikung'arisha ndani ya siku chache, humo kuna kitu kingine. Huenda ni Hydroquinone, zebaki au steroidi, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Zebaki huharibu figo, na mara nyingi haiandikwi kwenye lebo.

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, hivyo si ajabu kukutana na chupa yenye maelezo ya Kifaransa. Usiogope: majina ya viambato kama Dimethicone huandikwa kwa mfumo wa kimataifa. Ila chupa isiyo na orodha kabisa, au krimu iliyopimwa kwenye kikopo kisicho na lebo, iache dukani.

Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ngozi ikiwasha, ikiungua au kubabuka, acha kupaka na uende kituo cha afya ukiwa na chupa yenyewe.