Nani Aliyesema? Mistari ya Shakespeare na Aibu Yangu

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mpenzi msomaji, mimi nilijikwaa mwaka jana mbele ya umati wa waombolezaji, na aliyenikwaza ni William Shakespeare.

Tulitoka Migori kwa matatu, tukapitia Rongo hadi Homa Bay kumzika babu. Nilichaguliwa kusema kwa niaba ya wajukuu. Kwa vile mimi ni mtu wa midahalo, nilitaka wazee waone kwamba karo yao haikupotea bure. Basi nikaanza kwa maneno ya Mark Antony katika tamthilia ya Julius Caesar. Nikatangaza kwa Kiingereza, kisha kwa Kijaluo, kwamba nimekuja kumzika babu wala sikuja kumsifu. Kimya! Jioni nyanya aliniita kando akaniuliza, "Mjukuu wangu, babu yako alikukosea nini hata ukamnyima sifa?" Sikuwa na jibu.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu. Akanipa tamthilia yote niisome, kwani mimi nilikuwa nimekariri mstari mmoja tu. Hapo ndipo nilipong'amua. Caesar ameuawa na Brutus na wenzake. Brutus anamruhusu Antony kuhutubia mazishini kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Wakati huo umati uko upande wa Brutus, na Antony akianza kwa sifa atazomewa. Kwa hivyo anajifanya hana haja ya kusifu, kisha anamsifu Caesar hadi mwisho. Tena anarudiarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, na kila akirudia, heshima ile inazidi kupungua, mpaka umati unatoka mbio kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Kumbe ule mstari ni mtego! Mimi niliuchukua mtego nikaufanya salamu.

Si huo peke yake. Katika Hamlet, Polonius anamuusia mwanawe anayekwenda Ufaransa asikope wala asikopeshe, na awe mkweli kwa nafsi yake. Wosia mtamu, lakini baadaye mzee huyohuyo anatuma mtu akampeleleze mwanawe. Katika Othello kuna maneno mazito kwamba mwizi wa mfuko wa pesa haibi kitu, bali anayeharibu jina la mtu ndiye mwizi hasa. Anayeyasema ni Iago, ambaye muda mfupi kabla alimwambia Cassio kwamba sifa njema ni upuzi mtupu!

Mistari hii hukaa kichwani kwa sababu ni mifupi na ina mizani, kama methali. Tofauti ni kwamba methali ni ya jamii nzima. Mstari wa tamthilia una mwenyewe, na mwenyewe ana nia yake na watu anaotaka kuwavuta.

Mwalimu Julius Nyerere alilielewa jambo hili la nani anayesema. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akaipiga msasa ikatoka tena 1969. Mwaka huohuo 1969 ilitoka tafsiri yake nyingine, Mabepari wa Venisi. Angeweza kuwaita wafanyabiashara tu, lakini akachagua "mabepari". Kwa neno hilo moja, msomaji anajua mapema awasikilize kwa sikio gani.

Likizo iliyofuata nilimweleza nyanya hayo yote: Antony, Brutus, mtego na umati. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo mtu alikuwa na maadui pale. Wewe ulikuwa na sisi. Ungemsifu tu."

Ndugu zangu wanafunzi, karirini mistari, kwani ni mitamu. Lakini kabla ya kuusema hadharani, ulizeni kwanza: nani aliyeusema, alimwambia nani, na alitaka nini? Mimi nilijua hayo nikiwa nimechelewa, kaburi la babu likiwa limeshafunikwa.