Je, Wajua? Mmarekani wa pampu za kukanyaga

Je, wajua kwamba nyuma ya pampu ya MoneyMaker, ile inayonyweshea nyanya kwa nguvu za miguu tu, yupo mhandisi mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Stanford? Ni Mmarekani Martin Fisher. Alifika Kenya mwaka 1985 kwa ufadhili wa Fulbright, akipanga kukaa miezi 10. Akakaa miaka 17.

Je, wajua alikuwa na mwenzake? Mwaka 1991 yeye na Nick Moon, Mwingereza aliyekuwa fundi seremala, walianzisha shirika la ApproTEC jijini Nairobi. Leo linaitwa KickStart. Tanzania liliingia mwaka 2000.

Je, wajua pampu za namna hii zilianzia Bangladesh? Alizibuni Mnorwei, Gunnar Barnes. Huko ardhi ni tambarare: ukishayatoa maji kisimani, mfereji unamaliza kazi. Kwetu shamba liko mlimani na maji yako bondeni. Ndiyo maana Super MoneyMaker ya mwaka 1998 haiishii kuyavuta maji, bali huyasukuma kwa presha ndani ya mpira hadi yapande kilima.

Je, wajua Fisher na wenzake hawakuchora chochote kabla ya kujiwekea masharti? Pampu ibebeke, ili jioni irudi nyumbani na mwenye nayo (wezi nao wanalima). Isihitaji spana shambani. Mwanamke aliyejifunga kanga aikanyage bila kujisitiri upya kila dakika. Hilo la mwisho wahandisi wengi wasingelifikiria hata wangepewa mwaka mzima.

Je, wajua pampu hizi hazigawiwi bure? Fisher anashikilia kwamba hitaji la kwanza la maskini ni njia ya kupata pesa, na kwamba mtu hutunza alichokinunua. Mimi nakubaliana naye, ingawa kwa mkulima anayeanza bei ya pampu si mchezo.

Je, wajua si pampu pekee? Walitengeneza pia mashine ya kushindilia matofali ya udongo na saruji, ya kufunga majani ya mifugo, na ya kukamua alizeti. Hiyo ya alizeti ina undugu na mkono wa Arusha: katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani mwingine, Carl Bielenberg, alibuni huko kinu chenye mkono mrefu unaosukuma pistoni. Mafuta huchuruzika pembeni, mashudu hutokea mbele.

Je, wajua mwaka 2008 Fisher alipata tuzo ya Lemelson-MIT ya dola 100,000?

Na je, wajua kwamba pampu haivuti maji hata kidogo? Inaondoa hewa bombani, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Usawa wa bahari hewa hiyo haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 na kidogo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na hapo zinabaki kama 9. Ukitoa uvujaji wa valvu, watengenezaji wanakuahidi 7.

Kwa hiyo msomaji, kabla hujatoa pesa dukani, funga jiwe kwenye kamba, lishushe kisimani wakati wa kiangazi, upime maji yalipo. Yakiwa kwenye kina cha zaidi ya mita 7, tafuta pampu ya aina nyingine.