Ndege Ndogo Nayo Ina Amri Zake

Vijiji vyetu vingi viko mbali na barabara ya lami. Masika yakianza, hata trekta hukwama kwenye tope. Huko ndiko ndege ndogo inakokuwa gari la wagonjwa. Huleta daktari, huleta chanjo, na humchukua mama aliyeshindwa kujifungua. Kazi hii si ya jana wala juzi. Shirika la AMREF lilianzishwa mwaka 1957, na lilianza kama huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege kuwafuata wagonjwa wa mbali.

Lakini hutokea siku ndege imetua salama, mgonjwa yuko tayari kwenye machela, halafu rubani anasema, "Leo hairuki." Watu hukasirika. Wengine husema, "Mbona tumeiona ikitua vizuri? Huyu anaringa tu!" Hapana, ndugu zetu. Mara nyingi haringi. Ndege ina amri zake, na amri hizo zimeandikwa kwa sababu watu walikufa. Leo tutaeleza amri hizo ni kitu gani, na kwa nini hata sisi wa kijijini zinatuhusu.

AMRI HII NI KITU GANI?

Tuseme ndege za aina moja zimetengenezwa elfu kumi. Zote zimetoka kwenye mchoro mmoja. Miaka ikipita, kifaa fulani kinavunjika katika ndege moja. Halafu kinavunjika katika nyingine, nchi nyingine. Wachunguzi wakiona kuwa ubaya hauko kwa rubani mmoja, bali uko ndani ya kifaa chenyewe, basi ndege zote za aina ile ziko hatarini.

Hapo serikali ya nchi iliyotoa kibali cha ndege hiyo huandika Amri ya Usalama. Amri husema: ndege za aina fulani, zenye kifaa fulani, zikaguliwe au zibadilishwe kitu fulani, kabla ya saa fulani za kuruka. Asiyetimiza, ndege yake hairuhusiwi kuruka. Na gharama kwa kawaida ni ya mwenye ndege.

Tusichanganye amri hii na barua ya kiwanda. Kiwanda nacho hutuma barua kwa wenye ndege na kusema, "Tunashauri mfanye hivi." Barua ya kiwanda ni ushauri. Amri ya serikali ni sheria.

Kule Marekani wanaotoa amri hizi ni idara ya serikali inayoitwa FAA. Kila amri ina namba yake. Chukua namba 84-10-01. Wewe uliyejifunza hesabu unaweza kuisoma. 84 ni mwaka 1984. Mwaka wamekwisha kuugawa katika vipindi vya majuma mawili mawili, kwa hiyo 10 ni kipindi cha kumi. Na 01 ni amri ya kwanza katika kipindi hicho. Basi, hakuna uchawi ndani yake. Hebu sasa tuone amri hiyo ilihusu nini.

MAJI KATIKA PETROLI

Kila mtu aliyewahi kuwasha taa ya mafuta anajua jambo hili. Mafuta ya taa yakiingia maji, taa hutatarika, halafu huzimika. Maji ni mazito kuliko mafuta. Hukaa chini. Utambi ukiyafikia, mwanga kwisha.

Injini ya ndege ndogo hutumia petroli, na mambo ni yale yale. Maji yakifika kwenye injini, injini hukohoa na kuzimika. Lakini taa ikizimika unatafuta kiberiti. Injini ikizimika juu ya miti, rubani ana sekunde chache tu.

Iko ndege iitwayo Cessna 206. Inatengenezwa Marekani tangu miaka ya 1960. Ina injini moja na viti sita, na imefanya kazi miaka mingi kwenye viwanja vya nyasi na vumbi vya Afrika Mashariki. Cessna 206 za zamani, pamoja na ndugu zake kama Cessna 182, zina matangi ya mpira ndani ya mabawa. Ni kama mifuko mikubwa ya mpira.

Mfuko wa mpira ukizeeka, au usipotandazwa vizuri, hufanya makunyanzi. Kunyanzi sakafuni mwa tangi huwa kama tuta la shamba: huzuia maji yasipite. Maji ya mvua huingia kupitia kifuniko cha juu ya bawa ambacho mpira wake umechakaa. Yanashuka chini, yanajificha nyuma ya tuta lile.

Asubuhi rubani anafanya kazi yake. Anafungua kizibo kidogo chini ya bawa na kukinga petroli katika kikombe kinachoonyesha. Petroli inayotumiwa na ndege hizi siku hizi hutiwa rangi ya buluu. Maji hayana rangi. Yakiwepo huonekana chini ya buluu. Rubani anatazama, anaona buluu tupu. Anaridhika. Kumbe maji yako nyuma ya kunyanzi, hayakufika kwenye kizibo! Ndege inapoinua pua kuruka, maji yanavuka tuta na kukimbilia kwenye injini. Ndege iko chini bado, na mbele kuna miti.

Ndiyo maana mwaka 1984 ikatoka amri namba 84-10-01. Ilitaka matangi ya mpira yakaguliwe na makunyanzi yaondolewe. Ilitaka vifuniko vya matangi vikaguliwe visivuje. Ilitaka mafundi wapime ni maji kiasi gani yanabaki tangini hata baada ya kufungua kizibo. Kama yanabaki mengi, ndege ibandikwe maandishi ya kumkumbusha rubani: baada ya mvua ashushe mkia, ayumbishe mabawa juu na chini mara nyingi, halafu ndipo akinge tena petroli na kuitazama. Wenye ndege wengi walibadilisha pia vifuniko vya zamani vilivyolala ndani ya bawa, wakaweka vipya vilivyoinuka, ili mvua isituame juu yake.

Basi ukimwona rubani anayumbisha bawa la ndege baada ya usiku wa mvua, usicheke. Anayatoa maji mafichoni.

KITI KINACHOTELEZA

Amri nyingine inahusu kiti. Labda utauliza, kiti nacho kinaweza kuua? Ndiyo, kinaweza.

Kiti cha rubani katika ndege nyingi za Cessna hukaa juu ya reli mbili. Rubani mfupi hukisogeza mbele, mrefu hukirudisha nyuma. Reli zina matundu. Pini ya chuma hushuka katika tundu na kukishika kiti kisiende. Sasa fikiria mpini wa jembe unaocheza kwenye tundu lake. Kadiri unavyolima, tundu linapanuka. Mwisho jembe linachomoka. Reli ya kiti ni hivyo hivyo. Miaka ikipita, matundu hupanuka na pini huchakaa.

Ndege inapokimbia na kuinua pua, uzito wote wa rubani unavuta nyuma. Pini ikichomoka, kiti kinateleza mpaka mwisho wa reli. Miguu haifiki tena kwenye kanyagio. Na mikono imeshika usukani! Mtu anayeteleza hushikilia alichoshika. Akiuvuta usukani, pua ya ndege inapanda zaidi. Mwendo unapungua, mabawa yanashindwa kuibeba ndege, na ndege inaanguka. Watu wamekufa kwa njia hiyo.

Mwaka 1987 ikatoka amri namba 87-20-03: reli, matundu na pini vikaguliwe. Mwaka 2011 amri hiyo ilibadilishwa na nyingine, namba 2011-10-09. Hii inataka ukaguzi kila baada ya saa 100 za kuruka au kila miezi 12, ile itakayotangulia. Fundi hupima matundu. Tundu likiwa limepanuka kupita karibu milimita 11, reli hutolewa na kuwekwa nyingine. Milimita 11 ni upana mdogo kuliko ncha ya kidole. Lakini kwenye reli ya kiti, hapo ndipo mpaka kati ya kuruka na kutoruka.

Kiwanda nacho, mwaka 2007, kilitoa barua ya kuweka kizuizi cha pili cha kiti cha rubani. Pini ikichomoka, kizuizi hiki hukamata. Hiyo ni barua ya kiwanda, ile tuliyosema ni ushauri. Mwenye busara haisubiri sheria.

AMRI INAFIKAJE KWETU?

Mtu atasema, "Hizo ni amri za Marekani. Sisi huku zinatuhusu nini?"

Zinatuhusu. Mwaka 1944 mataifa yalikutana mjini Chicago yakakubaliana juu ya usafiri wa anga. Kutokana na mapatano hayo likapatikana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Moja ya taratibu zake ni hii: nchi iliyobuni ndege ikigundua hatari, lazima izipe habari nchi nyingine ambako ndege hizo zimeandikishwa.

Utajuaje ndege imeandikishwa wapi? Soma ubavuni mwake. Ikianza na 5H ni ya Tanzania. 5Y ni ya Kenya. 5X ni ya Uganda. Kila nchi ina mamlaka yake ya anga. Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, Uganda ni UCAA. Mamlaka hizo ndizo zinazosimamia kwamba ndege zilizoandikishwa kwao zimetimiza amri zinazozihusu.

KISICHOANDIKWA HAKIKUFANYIKA

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Fundi akimaliza kazi, hajamaliza mpaka aandike. Katika daftari la ndege anaandika tarehe, saa ambazo ndege imekwisha kuruka, namba ya amri, na kazi aliyoifanya. Kisha anatia sahihi yake na namba ya leseni yake. Kwa mafundi wa ndege, kisichoandikwa hakikufanyika. Huwezi kumwambia mkaguzi, "Niliifanya mwezi jana, niulize tu nitakueleza." Hatakusikiliza.

Kwa nini ukali huu? Kwa sababu fundi anaweza kuhama, kuugua au kusahau. Ndege inaweza kuuzwa nchi nyingine. Daftari halisahau. Fundi wa miaka ishirini ijayo atafungua na kujua reli ile ilibadilishwa lini. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tunaelewa vizuri thamani yake. Hapa wino unalinda roho za watu.

SISI KIJIJINI TUFANYE NINI?

Kwanza, tusimsukume rubani. Akisema muda wa ukaguzi umefika, au petroli ina maji, tumsikilize. Ni kweli mgonjwa anateseka, na kungoja kunauma. Lakini ndege mbovu haimponyi mgonjwa. Itampoteza yeye, muuguzi, na rubani pamoja. Tutafute njia nyingine upesi: redio, simu, gari, hata machela hadi barabarani.

Pili, tutunze mapipa. Mahali pengine petroli ya ndege huwekwa kwenye mapipa karibu na kiwanja. Pipa likisimamishwa wima kwenye mvua, maji hutuama juu yake. Mchana wa jua pipa hupumua nje, usiku wa baridi huvuta ndani. Likivuta, linanyonya na yale maji kupitia kwenye kizibo. Kwa hiyo pipa lilazwe ubavu, vizibo viwili vikiwa sawa kushoto na kulia, ili petroli ivifunike kwa ndani. Liwe kivulini, mbali na moto. Na asiliguse mtu asiyekabidhiwa kazi hiyo.

Tatu, watoto wasichezee ndege ikiwa imesimama. Kifuniko cha tangi kikifunguliwa na kurudishwa vibaya, mvua ya usiku itaingia.

Nne, ukiona kitu, sema. Ukiona petroli inadondoka, au kifuniko kimekaa upande, mwambie rubani bila haya. Hata kama hukusomea ndege, macho unayo.

Ndugu wasomaji, ndege huwa salama kwa sababu watu waliona kosa, wakaliandika, na wengine wakatii maandishi yale hata pale walipokuwa na haraka. Kisima cha kijiji, ghala la mbolea na mashine ya kusaga navyo vinahitaji utaratibu wa namna hiyo. Mkanda wa mashine ukikatika leo, uandikeni: ulikatika lini, na kwa nini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Amri ya serikali na barua ya kiwanda zinatofautianaje?
2. Kwa nini rubani alikinga petroli asione maji, na huku maji yalikuwemo tangini?
3. Kiti kikiteleza, kwa nini pua ya ndege hupanda?
4. Namba 87-20-03 inatuambia amri ilitoka mwaka gani?
5. Katika kijiji chenu, ni mashine gani inayohitaji daftari lake? Nani ataliandika?