Mfinyanzi wa Jumamosi

Kikombe cha kwanza cha mtu anayejifunza kufinyanga huwa kizito, kimepinda kidogo, na mpini wake una ufa. Mwenyewe hukitazama kwa mapenzi. Wageni hukitazama kwa adabu. Kishawishi kikubwa hapo ni kukiweka kabatini na kurukia kitu kipya, labda mtungi au sanamu ya tembo. Afadhali atengeneze kikombe kingine, kisha kingine tena.

Ule ufa una sababu yake. Mpini ukiwa na unyevu zaidi kuliko kikombe, utasinyaa zaidi wakati wa kukauka na kujing'oa kwenye kiungo. Dawa ni kuviacha vyote viwili vigangamae kiasi, kukwaruza sehemu zitakazokutana, kupaka uji mzito wa udongo, kubandika, halafu kufunika kwa nailoni ili vikauke polepole kwa pamoja. Maelezo hayo yanasomeka kwa dakika moja, lakini vidole huchukua muda mrefu zaidi kuyaelewa. Udongo nao hupungua kwa takribani asilimia 10 tangu ukiwa mbichi hadi utoke motoni, kwa hiyo kikombe kilichofinyangwa kwa kipimo cha chai kinaweza kuishia kuwa cha kahawa.

Halafu kuna moto, na hapo ndipo wengi hulia. Chombo kikipasuka, lawama hutupiwa hewa iliyobaki ndani ya udongo, ilhali mara nyingi mkosaji ni maji. Chombo kinachoonekana kikavu bado kina unyevu. Ukipashwa moto haraka hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia huvunja ukuta. Jiko la keki la nyumbani halisaidii, maana huishia kwenye nyuzi 250 hivi, wakati udongo unahitaji kupita nyuzi 600 ndipo usirudi tena kuwa tope ukilowa. Wafinyanzi wa vijijini hufika huko bila tanuri: hupasha vyungu taratibu, huvipanga, kisha huvifunika kwa kuni na majani makavu.

Anayedhani kurudia umbo moja ni kukosa ubunifu amtazame Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea michoro ya biashara. Udongo alikutana nao huko huko. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, akajifunza kwa wanawake wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali, ambaye leo picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Wanawake hao hawakuhitaji gurudumu. Mtungi ulikaa palepale, mfinyanzi ndiye aliyeuzunguka, akirudi kinyumenyume huku akiupandisha ukuta kwa mikono.

Odundo naye hujenga kwa mikono mpaka leo. Miongo kadhaa ya kazi yake inarudia mambo machache: tumbo la mviringo, shingo, mdomo uliopanuka. Husugua uso wa chombo mpaka ung'ae, bila kuupaka rangi ya kioo. Kikichomwa kwenye hewa ya kutosha hutoka chekundu cha kuelekea machungwa. Kikichomwa tena hewa ikiwa imebanwa, hutoka cheusi. Udongo ni uleule, tofauti ni pumzi ya moto.

Vitu vidogo vya matumizi havidharauliwi pia. Lucie Rie, mfinyanzi aliyekimbia Vienna mwaka 1938, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipata riziki yake London kwa kutengeneza vifungo vya nguo vya udongo, akitafuta rangi za kuendana na vitambaa vya washonaji. Kwa msomaji wa pwani, mtihani mzuri wa aina hiyo ni chetezo. Kitako lazima kistahimili makaa, miguu iinue joto lisiunguze mkeka, na mdomo uwe mpana kiasi cha kuweka udi bila kuunguza vidole. Kasoro itajulikana jioni ileile ya kukitumia.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, kwa kuwa vyombo vizima huenda sokoni. Mfinyanzi wa Jumamosi hana mteja anayemsubiri, kwa hiyo hana kisingizio: na ale kwenye sahani yake mwenyewe. Ukingo mnene utamkera mdomoni, birika litamwagia meza chai, naye atajua vizuri zaidi pa kurekebisha kuliko akisifiwa na rafiki. Kilichovunjika kisagwe; unga wa vigae ukichanganywa kwenye udongo mpya hupunguza nyufa.

Na mwalimu hayuko mbali. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, husafirisha vyungu vyao kwa mitumbwi hadi Matema, na maeneo mengi ya Afrika Mashariki yana mama anayejua udongo mzuri unachimbwa wapi. Nenda ukamwone, nunua udongo kwake, omba akufundishe. Ila mlipe kwa somo kama unavyomlipa mwalimu wa udereva, usimpe ya soda.