Ukitaka Kutoka, Hutoka Vipi?

Nilikwenda Wete, Pemba, kufuatilia msimu wa karafuu, na nyumba niliyokaribishwa chai haikuhusika kabisa na habari niliyoitafuta. Lakini ukutani, kando ya picha ya watoto wa chuo cha Kurani siku ya hitima yao, palitundikwa kitambaa kirefu cha zambarau na dhahabu, cha kuvaliwa shingoni, kimetariziwa herufi tatu za Kigiriki. Nikauliza ni za nini. Mwenye nyumba, mwalimu wa kike wa hisabati katika skuli ya sekondari, alisema ni za chama alichoingia alipokuwa akisoma Marekani. Kisha akaongeza kwamba mama yake, alipopigiwa simu kuelezwa habari za chama hicho, hakuuliza jina lake wala faida yake. Aliuliza: “Mwanangu, ukitaka kutoka, hutoka vipi?”

Swali hilo halijaniachia tangu siku ile.

Mwalimu, kama nitakavyomwita kwa kuwa ameomba jina lake lisiandikwe, alikwenda kwa ufadhili kusoma katika chuo kimoja cha jimbo la Pennsylvania. Mwaka wa pili alipokea barua. Ilimweleza kwamba alama zake zimefikia kiwango, na kwamba anaalikwa kujaribu kujiunga na Phi Sigma Pi, chama cha heshima cha wanafunzi, wanaume na wanawake pamoja. Barua aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya Msahafu. Siku nzima hakumwambia mtu.

Chama chenyewe kina asili ambayo mwalimu yeyote wa Pemba angeielewa. Kilianzishwa mwaka 1916 katika chuo cha ualimu huko Warrensburg, Missouri, chuo cha kufundisha watu watakaokwenda kufundisha watoto wa mashamba. Kwa miaka sitini kilikuwa cha wanaume tu. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali. Vyama vya starehe vya wanafunzi vilipata msamaha mwaka 1974, vikaendelea kujitenga, wanaume kwao na wanawake kwao. Vya heshima havikusamehewa, na mwaka 1977 Phi Sigma Pi kikawafungulia wanawake mlango. Sharti la alama ni wastani wa 3.0 kati ya 4.0, lakini alama hukufikisha kizingitini tu. Kuingia ndani ni mpaka wenyewe wakutake.

Hapo ndipo mama alipoanza kuuliza. Mwalimu anazikumbuka simu zile moja moja. Wamo wanaume? Wamo. Mnakaa nao wapi? Darasani na ukumbini, mama. Kuna kulipa? Kupo. Mama akakokotoa papo hapo ni kilo ngapi za karafuu kavu, akanyamaza, kisha akauliza inakuwaje mtu anasifiwa kwa akili zake halafu yeye ndiye anayelipia sifa. (Mwalimu hakuwa na jawabu wakati ule, na anakiri hana mpaka leo.) Kuna kula kiapo? Kuna kuahidi. Mchana au usiku? Mwalimu alikuwa ameshasikia kwamba ni jioni, na kwamba kuna mishumaa. Akasema kweli. Ndipo likaja lile la kutoka.

Msomaji wa bara anaweza kudhani mama alikuwa na hofu ya Frimasoni. Ilikuwepo pia. Magazeti ya udaku ya Dar es Salaam yalikuwa yameijaza nchi habari hizo mwanzoni mwa muongo uliopita, ingawa Sir Andy Chande, aliyewahi kuwaongoza Frimasoni wa Afrika Mashariki, alikuwa akijitaja hadharani na hata kuandika kitabu juu ya maisha yake. Lakini mama hakuhitaji gazeti. Alikuwa na kielelezo cha karibu zaidi. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa kilinge.

Sitaki kuandika uchawi. Wapemba wamechoka kuandikwa hivyo tangu Evelyn Waugh alipoisawiri Pemba kama makao makuu ya elimu ya giza katika kitabu chake cha 1931, na wana haki ya kuchoka. Ninachosema ni habari ya uanachama. Kilinge cha pepo ni jumuiya: kina fundi, kina wateja, kina ngazi za kupanda, kina chano na ngoma na siku ya kuingizwa, na baada ya siku hiyo waliomo huhesabiana kuwa jamaa. Mtafiti Linda Giles, aliyechapisha mwaka 1987 matokeo ya uchunguzi wake katika pwani ya Waswahili, alipinga dhana kwamba vilinge ni kimbilio la wanawake waliosukumwa pembeni. Aliwakuta humo wanaume pia, na watu wenye heshima zao. Mwalimu anasimulia kwamba bibi yule alipozeeka alitaka kuacha, na jamaa wakamwambia kilinge si kazi ya kuacha. Hakuacha. Mama, akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa akimpelekea ubani. Kwa hiyo alipoambiwa kuna jioni, kuna mishumaa, kuna kuahidi na kuna undugu baada yake, aliijua sura ya jambo hilo.

Na Wamarekani nao waliwahi kuijua. Hili Mwalimu alilikuta maktabani akitafuta la kumjibu mama, na ndilo lililonishika kuliko yote. Chama cha kwanza cha herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilianzishwa Desemba 5, 1776 na vijana wa Chuo cha William and Mary, Virginia. Kilikuwa cha siri: kiapo, alama, namna ya kupeana mikono. Mwaka 1826 katika jimbo la New York, mtu mmoja aitwaye William Morgan alitangaza kwamba atachapisha siri za Frimasoni, akatoweka. Nchi ikawaka hasira dhidi ya kila chama chenye kufunga mlango. Mwaka 1831 tawi la Harvard la Phi Beta Kappa likaamua kuacha usiri wake. Chama hakikufa. Kiliendelea hadharani, mwaka 1875 kikawachagua wanawake wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Vermont, na leo ndicho chenye hadhi kuliko vyote.

Mwalimu alimsomea mama habari hiyo kwenye simu, akiitafsiri mstari kwa mstari. Mama akasikiliza hadi mwisho. “Basi hao wa kwanza walifungua mlango. Hawa wako bado wanafunga kwa nini?”

Aliingia hata hivyo. Wiki zilizotangulia zilikuwa za kukutana na kila mwanachama mmoja mmoja, kumhoji na kuhojiwa, na kuhifadhi historia ya chama, kazi ambayo kwa mtu aliyelelewa na ubao wa chuo ilikuwa nyepesi. Hakuna aliyemdhalilisha. Nililiuliza mara mbili, kwa kuwa mwaka 2017 mwanafunzi wa miaka 19 alikufa huko huko Pennsylvania, katika chuo kikuu cha Penn State, baada ya kunyweshwa pombe usiku wa kukaribishwa kwenye chama cha starehe, na Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria ya kuvilazimisha vyuo kutangaza visa vya namna hiyo. Alisema kwao hapakuwa hata na soda ya kulazimishana. Kabla ya jioni yenyewe alimwendea rais wa tawi, binti mwenzake, akamwuliza swali la mama kama lilivyo. Yule binti akacheka kwa mshangao. Akasema unaandika barua, basi. Mwalimu akaomba aoneshwe kanuni iliyoandikwa. Akaoneshwa. Akauliza pia kama ahadi inaweza kutolewa bila kuapa kwa chochote, kwa kuwa yeye haapi ila kwa Mungu. Wakakubali aseme “naahidi” na kuishia hapo.

Yaliyosemwa jioni ile hakuniambia. Si mabaya, alisema, na mengi yake mtu angeyakuta katika hotuba yoyote ya mahafali. “Lakini niliahidi, kaka. Ukishaahidi dogo ukalivunja kwa kuwa ni dogo, la pili utalifanyaje?” Nikamwuliza kama mama amewahi kuambiwa. Akainuka kuongeza chai.

Sasa ana kikundi chake skulini. Wavulana na wasichana wa kidato cha tano na cha sita, wanaokutana Alkhamisi alasiri, madirisha wazi, bila ada, bila mshumaa, na mzazi yeyote anaweza kuingia akaketi. Kanuni ya kwanza waliyoiandika ni namna ya kutoka. Hata hivyo wazazi wawili walikuja kuuliza kama ni Frimasoni, na baba mmoja alimwondoa binti yake kwa sababu ya wavulana. Mwalimu hakumlaumu. Alimwandikia barua ya kumwambia nafasi ya binti ipo, na kanuni ya kutoka inafanya kazi.

Jambo moja alilichukua Pennsylvania bila kulibadilisha: wapya wanachaguliwa na wanafunzi wenyewe. Anasema zawadi ya siku ya matokeo hutoka kwa mkuu wa wilaya, mtoto anapigwa picha, anarudi nyumbani peke yake na kamusi. Kutakwa na wenzako ni kitu kingine, na hasa kwa msichana anayeambiwa kila siku kwamba akili nyingi zitamchelewesha kuolewa. Mimi naona amesema kweli. Naona pia kwamba anayeachwa na wenzake huumia kuliko anayesahauliwa na mkuu wa wilaya, na nilimwambia.

Analijua hilo. Muhula huu yupo kijana kutoka Micheweni ambaye wastani wake umepungua kidogo tu chini ya kiwango walichojiwekea. Ndiye anayewafundisha wenzake hisabati jioni, na wawili kati ya wanafunzi wake tayari ni wanachama. Baadhi wanataka kanuni ilegezwe kwa ajili yake. Mwenyewe amekataa, amesema akiingia hivyo atakuwa ameingizwa kwa huruma. Kura ni baada ya mitihani ya majaribio, na Mwalimu bado hajajua atawaambia nini.